Tochi ya bunduki ipimwe kwa mshindo, si kwa namba za kwenye boksi

KATIKA kibanda changu cha kutengeneza redio, simu na tochi hapa mpakani Kobero, kuna swali moja ambalo sasa naulizwa na watu wa aina mbili. Ndugu aliyerudi kusalimia wazazi kutoka Texas anauliza: "Kaka, nataka tochi ya bei nafuu ya kufunga kwenye bunduki ya kuwindia nguruwe. Ipi haitaniangusha?" Mfanyabiashara aliyevuka kutoka Kabanga na katoni za Kariakoo naye anauliza: "Fundi, ipi ambayo wateja hawatanirudishia?"

Mmoja anataka tochi ya kuwinda, mwingine anataka tochi za kuuza kwa walinzi, wavuvi na vijana wa pikipiki. Lakini jibu lao ni moja. Tochi inayofaa ni ile inayovumilia mshindo, na mshindo huo unaweza kuupima kwa mikono yako kabla hujalipa hata senti moja. Yaliyoandikwa kwenye boksi hayatakusaidia sana.

Nazungumza kama mtu aliyeziona pande zote mbili. Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kukaa katika kambi za Tanzania walianza kuchukuliwa kwenda Marekani kwa wingi kuanzia mwaka 2007, na Wakongo wa Nyarugusu wakafuata baadaye. Wengi walipelekwa Texas. Mimi nilikaa huko miaka sita, nikilisha ng'ombe kwenye shamba la mzee mmoja karibu na mji wa Abilene. Huko ndiko nilikojifunza kazi ya tochi ya bunduki, na ndiko nilikofungua tochi nyingi zilizokufa ili nione zimekufa kwa sababu gani.

Kwa nini taa ikae juu ya bunduki

Msomaji ambaye hajafika huko anaweza kushangaa. Wahispania walileta nguruwe wa kufugwa katika Amerika ya Kaskazini karne ya 16, na wengine wakatorokea porini. Miaka ya 1930 matajiri wa Texas wakaongeza nguruwe mwitu wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda. Wakachanganyika, wakazaana, na leo Texas ina zaidi ya milioni mbili. Kundi moja likiingia katika shamba la mahindi usiku, asubuhi utadhani trekta limepita likilima.

Kwa sababu hiyo serikali ya jimbo hilo haimhesabu nguruwe mwitu kama mnyama wa kulindwa. Tangu Septemba 1, 2019, mtu anaweza kumwinda katika ardhi ya mtu binafsi bila leseni ya uwindaji, mradi mwenye ardhi ameridhia. Usiku unaruhusiwa, na taa inaruhusiwa. Nguruwe akisumbuliwa sana mchana huhamishia maisha yake usiku, kwa hiyo bila taa hakuna kazi itakayofanyika.

Hapo kuna jambo ambalo kila ndugu anayealikwa kuwinda anapaswa kulijua. Ukimmulika ng'ombe, mbuzi, mbwa au paka usiku, macho yake hung'aa, kwa kuwa nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo. Nguruwe hana utando huo. Binadamu pia hana.

Maana yake ni kwamba yule unayemtafuta na yule usiyetakiwa kumgusa kabisa wanafanana gizani. Macho yao wote wawili hayang'ai. Mwindaji anayehesabu macho tu anaweza kufyatua kwa kivuli kilichoinama, kumbe ni jirani anayefunga waya wa uzio. Tochi nzuri, kwa hiyo, ni ile inayokuonyesha mwili mzima, miguu, mgongo na mkia, na kukuonyesha kilichoko nyuma yake pia. Na iendelee kukuonyesha baada ya risasi ya kwanza, maana tochi inayozimika wakati huo inakuacha gizani na bunduki iliyojaa na mnyama aliyejeruhiwa.

Kinachoua tochi ni teke la bunduki

Bunduki ikilia, inarudi nyuma kwa teke kali. Mwili wa tochi uliofungwa juu yake unarudi nayo papo hapo. Lakini betri iliyomo ndani ni nzito na haikufungwa, kwa hiyo inachelewa kidogo. Inagonga mbele, na kwa nyuma inaachana na mguso wake. Umeme unakatika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Ukiwa na tochi ya bei ndogo, katika muda huo mfupi yanaweza kutokea mambo matatu. La kwanza, taa inazimika. La pili, kama ni tochi yenye mwanga wa aina nyingi, mkubwa, mdogo na ule wa kumetameta, kibati chake cha umeme kinadhani umebonyeza swichi, hivyo kinabadilisha mwanga. Umefyatua ukiwa na mwanga mkubwa, sasa umebaki na taa inayometameta kama ya gari la polisi. La tatu, betri inagonga kibati kile na kulegeza ulehemu wake, na baada ya risasi chache tochi inakufa moja kwa moja.

Sasa nenda kwa kijana wa pikipiki aliyeifunga tochi kwenye usukani kwa mpira na kuteremka na barabara ya mashimo. Ndani ya tochi yake kunatokea jambo lile lile, tena mara elfu kwa siku moja. Ndiyo maana nasema kipimo cha mwindaji kinamfaa na mchuuzi.

Kipimo cha mikono

Kwanza, fungua mkia wa tochi utazame springi. Tochi nyingi za bei ndogo zina springi nyuma tu, na mbele kuna kidonge kigumu cha shaba. Hiyo iache. Tafuta yenye springi mbele na nyuma, nene, ambazo ukizibonyeza kwa kidole zinarudi kwa nguvu. Springi ya nyuma hulinda mguso, ya mbele hulinda kibati.

Pili, hesabu betri. Zile tochi zenye kikapu cha plastiki cha betri ndogo tatu zina miguso sita ya betri peke yake, na kila mguso ni mahali pa kuachana. Tochi ya betri moja nene ina miguso miwili tu. Kwa bunduki na kwa barabara mbaya, betri moja ni bora kuliko tatu.

Tatu, iwashe, kisha igonge kwenye kiganja chako mara 20, kichwa kikiwa chini, mkia ukiwa chini, na ubavuni. Igonge kwa nguvu kama unayekung'uta kiatu. Ikipepesa hata mara moja, irudishe kwenye meza. Muuzaji akikukataza kuigonga, amekwisha kukujibu.

Nne, epuka kichwa cha kuvuta na kusukuma. Wateja wanakipenda kwa kuwa mwanga unakusanyika na kutawanyika. Lakini kinachosogea hulegea, na kila ukikivuta kinanyonya hewa pamoja na vumbi na unyevu. Chukua kichwa kisichosogea, chenye kikombe cha alumini ndani. Umbo ambalo wawindaji wa mfuko mdogo wamelizoea huitwa C8. Kichwa chake ni kipana, kiwiliwili kinabeba betri moja, na mwanga unakwenda mbali bila kuacha pembeni giza kabisa.

Tano, iache iwake dakika kumi ukiwa umeishika. Mwili ukipata joto usiogope, ni dalili kwamba joto la taa linatoka nje kupitia chuma. Mwili ukibaki baridi huku mwanga unafifia, joto limefungiwa ndani na taa itaungua mapema.

Sita, zungusha nyuzi za mkia. Ziwe laini, zisikwaruze, na pawe na mpira wa duara uliopakwa grisi. Mpira huo ndio unaozuia maji. Mnunuzi wa katoni nzima atoe tochi moja tu, aitumbukize kwenye beseni la maji kwa nusu saa, kisha aifungue. Beseni litamweleza habari za katoni lote.

Saba, ikiwezekana chukua yenye mwanga mmoja tu, kuwaka na kuzima. Hakuna mwindaji anayehitaji taa ya kumetameta, wala mlinzi wa ghala haihitaji.

Namba za kwenye boksi

Wamarekani wana kipimo cha pamoja cha tochi kiitwacho ANSI FL1, kilichotolewa mwaka 2009. Tochi iliyopimwa kwa kipimo hicho huonyesha vijialama vidogo vya mwanga, umbali, muda wa betri, maji na kuanguka. Alama ya kuanguka maana yake imedondoshwa kwenye zege kutoka angalau mita moja. Alama ya IPX7 maana yake imezamishwa maji ya mita moja kwa nusu saa. Ni mambo mazuri, lakini kuanguka mara chache si sawa na teke la bunduki, kwa hiyo kipimo cha mikono kinabaki pale pale.

Lumeni ni mwanga wote unaotoka. Kandela ni jinsi mwanga ulivyokazana katikati, na ndizo zinazokupa umbali. Hesabu yake ni rahisi. Tochi ya kandela 2,500 inahesabiwa kufika mita 100, na ya kandela 10,000 mita 200. Ukitaka umbali mara mbili, kandela ziwe mara nne. Lakini umbali huo unahesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki kama mbalamwezi. Kwa mbalamwezi utajua kuna kitu, hutajua ni kitu gani. Kwa hiyo mwindaji anayejali agawe umbali wa boksi kwa mbili, na hapo awe na hakika na anachokiona.

Ama zile namba za lumeni 20,000 au 100,000 kwenye tochi ya kuingia mfukoni, fikiria hivi. Balbu ya H4 iliyo katika Corolla nyingi za barabara zetu hutoa kama lumeni 1,000 taa ikiwa chini na 1,650 ikiwa juu. Tochi ya lumeni 20,000 ingekuwa na mwanga wa balbu kumi na mbili za gari katika kiganja chako. Ingekuunguza mkono. Kwa bunduki ya nguruwe, kwa risasi ya mita 50 au 80, lumeni 500 mpaka 1,000 za kweli zinatosha.

Betri ndiyo yenye hatari

Betri inayotumika zaidi inaitwa 18650, na jina lake ni vipimo vyake, milimita 18 kwa unene na milimita 65 kwa urefu. Betri hiyo hata ikitoka kiwanda bora kabisa hubeba kama mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 6,800 au 9,900, huo ni uongo ulioandikwa kwa rangi nzuri. Ipime kwenye mizani ya muuza dhahabu. Ya kweli ina gramu 45 hivi au zaidi. Nimefungua za bandia nikakuta ndani betri ndogo iliyozungushiwa unga wa kujazia.

Betri ya lithiamu iliyochubuka ganda, iliyovimba au iliyochajiwa kwa chaja isiyojua kuacha inaweza kulipuka. Chaja nzuri inasimama ikifika volti 4.2. Usichaji usiku umelala, na usiweke betri ovyo mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Kwa mnaosafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu hazikai katika mzigo unaokwenda chini ya ndege. Zibebe mkononi, kila moja katika kifuko chake.

Kufunga, na kosa la kutafuta njia kwa bunduki

Klampu nyingi zimetengenezwa kwa tochi yenye kiwiliwili cha milimita 25.4, yaani inchi moja. Pima kabla ya kununua. Ikiwa tochi ni nyembamba kidogo, kata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kizungushe, kisha kaza. Mpira huo pia hupunguza mshindo. Funga kwenye reli ya mbao au ya plastiki ya mbele, si kwenye mtutu wenyewe, kwa sababu uzito ukiwekwa kwenye mtutu unaweza kubadilisha mahali risasi inapokwenda. Ukishafunga, piga risasi kumi kwenye shabaha mchana, kaza tena skrubu, ndipo uende usiku.

Swichi za waya za kubandika pembeni huwa ndizo za kwanza kufa katika vifaa vya bei ndogo. Swichi ya kawaida ya mkiani inatosha.

Na hapa nitazungumza kama mkubwa kwa mdogo. Tochi iliyo kwenye bunduki siyo ya kutafutia njia, wala ya kutazamia nani anakuja. Popote inapomulika, mtutu umeelekea huko huko. Ukimmulika mwenzako usoni kumwuliza jina, umemwelekezea bunduki. Mwindaji mwenye akili anabeba tochi mbili. Ya mkononi au ya kichwani ni ya kutembea na kutambua. Ya bunduki inawashwa tu akishajua kwamba mbele yake ni nguruwe na nyuma ya nguruwe hakuna nyumba, barabara wala mtu. Mzee niliyemfanyia kazi alikuwa akisema risasi haina mkia wa kuivuta irudi.

Jambo jingine: wenye viza ya matembezi wasiguse bunduki huko kabla ya kuuliza. Sheria ya shirikisho ya Marekani inawazuia wengi wao kumiliki silaha au risasi, hata kama shemeji mwenye bunduki ni mwenyeji.

Ukifika mpakani

Yote niliyosema juu ya bunduki ni ya Texas, na yabaki Texas. Katika mkataba wa hifadhi ya maumbile uliotiwa sahihi Algiers mwaka 1968, nchi za Afrika zilikubaliana kupiga marufuku kuwinda usiku. Kenya ilifunga uwindaji kabisa mwaka 1977. Katika Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo, nchi zetu, Burundi, Rwanda, Kongo, Tanzania, Uganda na Kenya zikiwemo, ziliahidi kuwakataza raia bunduki za kufyatua mfululizo na zile zinazojipakia risasi zenyewe. Bunduki ambayo Texas inauzwa dukani karibu na mchele, hapa inaweza kukupeleka jela.

Hivyo ndugu unayerudi, tochi ilete, klampu iache. Ofisa akiikuta klampu ya bunduki katika begi lako atauliza bunduki iko wapi, na ni haki yake kuuliza. Eneo letu limezika watu wengi mno kwa silaha zilizovuka mipaka kimya kimya.

Kwa wafanyabiashara, cheti kile chepesi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mahindi, maharage na mchele wetu vinaingia humo. Tochi iliyotengenezwa China haiingii, hata kama umeinunua Kariakoo na una risiti ya Dar es Salaam. Ushuru wake uuhesabu katika bei tangu mwanzo, usije ukalia kaunta. Risiti itunze, maana bila hiyo thamani ya mzigo atakukadiria mwingine.

Mama mmoja wa Muyinga, mchuuzi wa sokoni, alinunua katoni ya tochi katika duka moja mjini Dar es Salaam kwa kuvutiwa na boksi lenye picha ya askari. Nusu yake zilirudishwa kabla ya mwezi kuisha. Mtaji wake ulikuwa mkopo wa kikundi, na wanawake wenzake walisimama naye kuulipa. Safari iliyofuata alikwenda na beseni la plastiki na mzani mdogo. Muuzaji alicheka, yeye akaendelea kugonga tochi moja moja kwenye kiganja. Siku hizi nyingi za tochi zake nimeziona mikononi mwa walinzi wa maghala hapa mpakani, na sijaletewa hata moja nitengeneze.